Miaka sita naitwa mgonjwa wa pumu ya ngozi

Kuna picha moja kwenye simu yangu nimeiangalia mara nyingi kuliko picha nyingine yoyote. Ni ngozi ya ugoko wangu wa kushoto, imekuzwa mara kumi. Ukiiona haraka haraka utadhani ni kitambaa, rangi ya kahawia inayoelekea waridi, juu yake vipande vyeupe kama chokaa iliyobanduka, na katikati ya ule weupe kuna nukta nyekundu ndogo ndogo, nyingi, zote saizi moja, zimejipanga kama mtu alikaa akazidonoa na ncha ya kalamu moja baada ya nyingine bila kuruka sehemu. Zile nukta ndo zimebadilisha jina la ugonjwa wangu. Miaka sita naambiwa nina pumu ya ngozi, kumbe nina soriasisi, ugonjwa mwingine kabisa wa ngozi unaoendeshwa na kinga ya mwili.

Nimeona niandike kwa kirefu maana nikiwa natafuta majibu usiku wa manane huku najikuna, nilikua nakutana na maelezo ya namna moja tu, kwamba soriasisi inakaa nje ya kiwiko na mbele ya goti, pumu ya ngozi inakaa kwenye vikunjo, soriasisi haiwashi, pumu ya ngozi inawasha, basi umemaliza. Sasa mimi mabaka yangu hayakukaa huko wala huko. Yalikua kwenye magoko, ya mviringo kabisa kama sarafu, na viganja vikavu vinapasuka, na yanawasha hadi machozi. Kwaiyo kila aliyenitazama alisema pumu ya ngozi, kuna ile aina yake ya mviringo inapenda sana miguu, na siwalaumu wote, kwa jicho tupu kweli vinafanana. Ila hili la kusema soriasisi haiwashi naomba tuliache, wagonjwa wengi sana wa soriasisi wanawashwa, na mimi ni mmojawapo.

Ninachowalaumu ni kitu kingine. Kwenye hiyo miaka sita nimeingia vyumba vingi vya madaktari, na naweza kuhesabu kwenye vidole vya mkono mmoja walioinuka kwenye kiti. Wengi walitazama kutokea ng'ambo ya meza, nimekunja suruali nimesimama kama mtoto anayeonyesha kidonda, sekunde kumi, wameshaandika. Krimu ya steroidi. Napaka, wiki mbili mabaka yanalainika, magamba yanapungua, muwasho unatulia, narudi naambiwa unaona, tulisema ni pumu ya ngozi. Mwezi unaofuata yamerudi.

Hapa ndo pana mtego ambao nimekuja kuuelewa nimechelewa. Steroidi ya kupaka inatuliza magonjwa yote mawili. Inazima moto bila kuuliza moto umewashwa na nani. Kwaiyo kupata nafuu na ile krimu hakukua ushahidi wa chochote, lakini kila nilipopata nafuu jina lilizidi kukaza kwenye faili langu, na daktari mpya akifungua faili anasoma jina tayari limeandikwa mara tano, nani ataanza kulihoji? Hata mimi mwenyewe nilikua nikiulizwa unaumwa nini najibu haraka, pumu ya ngozi, kama natamka jina la baba.

Mwaka wa nne nilikatwa kinyama. Wanaita biopsi, wanachoma ganzi alafu wanatumia kitu kama kalamu yenye mdomo mviringo unaokata, wanazungusha, wanatoa kipande cha milimita 4, wanashona nyuzi moja au mbili. Haiumi sana wakati wa kukata, inauma usiku ganzi ikiisha, na ugokoni panachelewa kupona, mimi pameniachia kovu jeusi hadi leo. Nilivumilia nikijua sasa jibu linakuja. Majibu yakaja, karatasi moja, imeandikwa kwa lugha ngumu, daktari akanifafanulia kwamba aliyesoma kile kinyama kwenye hadubini ameona dalili za huku na huku, ngozi imenenepa kama ya soriasisi lakini pia kuna majimaji kati ya seli kama ya pumu ya ngozi, kwaiyo anashauri tulinganishe na hali ya mgonjwa. Yaani wamenikata ili wasaidie macho, na karatasi inasema rudini kwenye macho. Nilitoka pale nikakaa kwenye ngazi nikalia kidogo.

Nimeshajifunza kwamba hilo si jambo la ajabu, na aliyesoma hakukosea. Kikawaida soriasisi kwenye hadubini inaonekana vizuri tu, tabaka la juu la ngozi limenenepa kwa mpangilio kama meno ya kitana, seli za juu zimekimbizwa kukua hadi zimefika juu bado zina kiini, na kuna vijikundi vya seli nyeupe za damu vimekwama kule juu. Pumu ya ngozi nayo inaonekana vizuri, seli zimeachana katikati zimejaa majimaji kama sponji. Ila ngozi iliyokunwa miaka na kupakwa steroidi miaka inachanganyika sura, na viganja na nyayo ndo kabisa, huko ngozi yenyewe ni nene kwa asili.

Sasa nije kwa dokta aliyeinuka kwenye kiti.

Ni dada mdogo tu, mdogo kwangu kwa umri, aliniambia dada kaa, vua viatu na soksi zote mbili, akavuta stuli akakaa chini karibu na mguu wangu. Kabla hajagusa baka akauliza vitu ambavyo sikuwahi kuulizwa. Nyumbani kuna mwenye hili tatizo? Utotoni ulikua na pumu ya kifua au mafua ya aleji? Ukiumia, mfano ukijichubua, pale palipochubuka panatoka baka? Hilo la mwisho lilinishtua maana ni kweli kabisa, nilishawahi kuungua na pasi mkononi na pale palipoungua pakatokea baka refu lenye umbo la ule mchomo. Akasema hiyo kitu ina jina, imeitwa kwa daktari wa Ujerumani wa karne ya 19 aliyeitwa Köbner, na ni ya soriasisi ingawa si ya soriasisi peke yake. Alafu akanitazama nyuma ya masikio, akanipapasa kichwani, akaangalia kitovu, akaomba ruhusa akaangalia hadi kwenye mfereji wa makalio, akachukua vidole vyangu kimoja kimoja akaviweka chini ya taa. Kwenye kucha mbili kulikua na vishimo vidogo kama zimedungwa na sindano. Nilikua naviona siku zote nikidhani ni sabuni.

Ndo akachukua dermoskopu. Kwa ambao hamjaiona ni kijilenzi cha mkononi chenye taa, kinakuza kama mara kumi, kuna zinazobandikwa kwenye simu zikapiga picha. Nikaona anachukua jeli, ile ile ya ultrasaundi, akaniwekea tone zito juu ya baka. Nikamuuliza ya nini. Akasema ukiweka lenzi kavu yale magamba meupe yanarudisha mwanga huoni kitu, na ukiikandamiza kwenye ngozi unabana vimishipa vya damu, damu inakimbia, nukta zinapotea, unasema hakuna kumbe umezifukuza mwenyewe. Kwaiyo lenzi inaelea juu ya jeli, haigusi. Alikua ameshika pumzi kabisa wakati anaishusha. Nilimpenda kwa hilo.

Na hizo nukta ni nini? Ni vichwa vya kapilari. Kwenye soriasisi vimishipa vidogo vya damu vinarefuka, vinajipinda, vinapanda hadi karibu na uso wa ngozi, na kwakua vinapanda wima wewe ukitazama kutokea juu unaona ncha tu, nukta. Na kwa kuwa baka zima limenenepa kwa mpangilio mmoja, nukta nazo zinatokea kwa mpangilio, zimeenea sawasawa kote, na magamba yake ni meupe. Kwenye pumu ya ngozi nukta zipo pia, hapa watu wanakosea, ila zimekaa kwa mafungu mafungu, huku zipo huku hazipo, na mara nyingi kuna vigaga vya njano, ni yale majimaji yaliyotoka yakakauka. Kwaiyo anayetazama hauoni ugonjwa kwa nukta peke yake, anaangalia zimekaaje na gamba lina rangi gani. Ni kitu rahisi namna hiyo na hakikati mtu, hakimwagi damu, dakika tano.

Zamani walikua wanakwangua. Wanakwangua magamba taratibu hadi ngozi ya chini inatokea na matone madogo ya damu yanachomoza, hiyo inaitwa alama ya Auspitz, kwa jina la daktari wa Austria. Damu inayochomoza pale ni ya hivyo hivyo vimishipa. Lakini wagonjwa wengi wa soriasisi ukiwakwangua hawaitoi, na magonjwa mengine yanaitoa, kwaiyo siyo ya kutegemea, na kwanini umkwangue mtu wakati unaweza kumtazama?

Niseme hapa kitu kuhusu ngozi nyeusi maana ndo ngozi yangu. Vitabu vingi vimeandika wekundu, wekundu, wekundu. Kwenye ngozi nyeusi ule wekundu hauji kama wekundu, unakuja kama zambarau, au kahawia iliyokolea, au kijivu. Daktari anayesubiri kuona wekundu wa kitabuni hataona. Alafu likishapona baka linaacha doa jeusi miezi kadhaa, na mtu anaendelea kulipaka dawa doa ambalo siyo ugonjwa tena. Kwenye dermoskopu nako zile nukta kwenye ngozi nyeusi sana ni ngumu zaidi kuonekana, dokta alihangaika na mabaka mawili hakuona vizuri, la tatu ndo likaonyesha, na angekua na haraka angeishia la kwanza. Na hizi programu za simu za kupiga picha ikuambie unaumwa nini, picha nyingi zilizotumika kuzifundisha ni za ngozi nyeupe. Mi siwezi kuiamini hata moja bado.

Kabla ya yote lakini alinikwangua unga kidogo pembeni ya baka akauweka kwenye kioo na tone la dawa, akautazama kwenye hadubini kutafuta fangasi. Hicho ni kipimo cha dakika chache na kila mtu mwenye baka la mviringo lenye magamba anastahili kukifanyiwa kwanza, maana fangasi ikipakwa steroidi inabadilika sura kabisa, inaonekana kama pumu ya ngozi, inaonekana kama soriasisi, inaonekana kama chochote, huku inatambaa. Yangu hakukua na fangasi.

Akasema kwa maoni yangu ni soriasisi, ila kuna utafiti unaendelea hapa wa kipimo cha gundi, ukikubali nitakusajili, hakuna kukatwa. Nilivyosikia hakuna kukatwa nikasaini.

Kipimo chenyewe ni hivi. Walinichorea duara kwenye baka na kalamu, na duara lingine pembeni kwenye ngozi nzima, yaani isiyo na baka, ya kulinganisha. Muuguzi, mama mtu mzima mwenye glavu mbili mbili, akatoa vibandiko vya mviringo vya plastiki safi vyenye gundi upande mmoja, kama selotepu iliyokatwa duara. Anabandika ndani ya ule mstari, anakandamiza na kifaa chenye springi ili kila kibandiko kipate nguvu ile ile, anahesabu kimoyomoyo, midomo inacheza, alafu anabandua kwa koleo ndogo kwa mkupuo mmoja. Cha kwanza alitupa, akasema mwanangu hicho kina losheni zako na vumbi. Cha pili akakiinua kwenye taa tukakitazama wote, kimejaa unga mweupe umekaa kama ukungu kwenye dirisha. Kinaingia kwenye kichupa. Kinabandikwa kingine pale pale. Ishirini. Inauma kama kubandua plasta, sio zaidi, ila kufikia cha kumi na tano ngozi ilianza kung'aa na kuchoma kidogo, na kwenye baka, siyo kwenye ngozi nzima, zilianza kuchomoza nukta tatu za damu ndogo kuliko kichwa cha pini. Mama yule akasimamisha mkono, akamwita dokta, wakainama wote wawili. Dokta akasema hizo ndo za Auspitz, hatukuzitafuta zimekuja zenyewe. Vichupa vikaenda kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri wakati ule ule, walikua wanakimbia kabisa, maana wanachokitafuta kinaoza haraka.

Wanachokitafuta ni RNA. Nitajaribu kueleza nilivyoelewa. Kila seli ina jeni zote, yaani maelekezo ya urithi, ila haizitumii zote kwa wakati mmoja, ikitaka kutumia jeni fulani inatoa nakala, hiyo nakala ndo RNA. Kwaiyo ukikusanya nakala kutoka kwenye ngozi unajua sasa hivi ngozi inafanya nini, badala ya kubahatisha kwa sura yake. Na magonjwa haya mawili kwa ndani yanaendeshwa na majeshi tofauti. Soriasisi inaendeshwa sana na mawasiliano ya kinga yanayoitwa interlukini 17 na 23. Pumu ya ngozi ni interlukini 4 na 13, ukoo mmoja na mambo ya aleji. Sura ya nje inafanana, amri zinazotolewa ndani hazifanani kabisa.

Mwaka 2014 watafiti wa Munich, Ujerumani, walifanya kitu ambacho nikikisoma bado kinanisisimua. Walitafuta watu 24 wenye magonjwa yote mawili kwa pamoja mwilini, yaani baka hili ni soriasisi na lile ni ukurutu (ndo pumu ya ngozi na jamii yake) kwa mtu yule yule. Ukilinganisha mtu na mtu mwingine kuna tofauti elfu, damu, umri, dawa, ila ukilinganisha mtu na yeye mwenyewe, tofauti inayobaki ni ya ugonjwa. Wakapata kwamba jeni mbili tu zinatosha kutenganisha, NOS2 na CCL27. NOS2 inapanda juu sana kwenye soriasisi, hiyo ni jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kuzalisha gesi ya nitriki oksidi, na CCL27 ndo inayoegemea upande wa ukurutu. Wao walitumia vinyama vilivyokatwa. Baadae, mwaka 2021, kundi la watafiti wa chuo cha tiba cha Mount Sinai kule New York likachapisha kazi ya vibandiko vya gundi kwa watu 20 wenye pumu ya ngozi na 20 wenye soriasisi, na NOS2 peke yake ikawatenganisha bila kukosea hata mmoja. Watu 40 ni wachache, najua, na walikua wagonjwa wa wazi kabisa, sio sisi wa katikati. Lakini kwamba taarifa hiyo inapatikana kwenye unga ambao mimi naukung'uta kwenye shuka kila asubuhi! Miaka sita jibu nalifagia.

Wiki kadhaa baadae nikapigiwa simu. NOS2 ya kwenye baka ilikua juu mno, ya kwenye ngozi nzima karibu hakuna. Dokta akanisisitizia kwamba kipimo hiki bado ni cha utafiti, yeye hanipi jina la ugonjwa kwa gundi, ananipa kwa vyote kwa pamoja, nukta, kucha, ule mchomo wa pasi, na gundi imekubaliana navyo. Nimeipenda hiyo namna ya kusema kuliko angeniambia mashine imesema.

Kuna vipimo vingine vya kutokata ambavyo nimevisikia, kamera za leza zinazoona seli bila kutoboa, mwanga unaopima unene wa ngozi na vimishipa, ultrasaundi ya masafa ya juu. Vipo kwenye hospitali kubwa za utafiti, sitajifanya navijua. Dermoskopu ndo naisimamia, maana inaingia mfukoni.

Na mtu ataniuliza, kama krimu ni ile ile, jina linabadilisha nini? Linabadilisha mengi. Vidonge vya steroidi, hivi vya kumeza, wakati ngozi imewaka vinatolewa sana kwa pumu ya ngozi, na mwenye soriasisi akivimeza alafu akaviacha ghafla ngozi inaweza kulipuka usaha mwili mzima au ikawaka nyekundu na kubanduka kote, hiyo ni hali ya kulazwa. Mimi nilipewa mara mbili. Mara ya pili nilipomaliza nilikua na mabaka hadi mgongoni na nikaambiwa labda nimekula kitu. Kuna dawa za magonjwa mengine kabisa kama lithiamu na baadhi za presha zinaweza kuchochea soriasisi, nani angeniuliza kama hajui ninayo? Na hizi sindano mpya ndo kabisa hazina huruma na jina lililokosewa. Dupilumabu, sindano ya pumu ya ngozi iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2017, inazuia interlukini 4 na 13, na kuna watu imewatokeza mabaka ya soriasisi. Zile za soriasisi nazo kuna watu zimewatokeza ukurutu. Ukifunga mlango mmoja wa kinga wakati mwingine mwingine unafunguka.

Alafu kuna jointi. Hadi watu 3 kati ya 10 wenye soriasisi wanapata ugonjwa wa jointi unaotokana nayo, na ukiachwa unakula mfupa usirudi. Mimi kidole cha kati cha mkono wa kulia kimekua kikivimba kama soseji tangu mwaka wa tatu, asubuhi hakikunji, nimewaambia watu wawili wakasema nimelalia vibaya. Kwa mgonjwa wa pumu ya ngozi kidole ni kidole tu. Kwa mgonjwa wa soriasisi mwenye kucha zenye vishimo, kidole ni dharura.

Sisemi biopsi itupwe, na nisieleweke hivyo. Kuna saratani ya taratibu sana ya ngozi, maikosisi fungoidesi, inaanza kama mabaka ya ukurutu na inaweza kudanganya miaka. Gundi haioni seli zimekaaje, dermoskopu inaweza kupitwa, hapo lazima kukatwa, na mara nyingine zaidi ya mara moja. Baka lisilosikia dawa miaka, linabadilika, limekaa sehemu zisizopata jua, kateni. Ninachosema ni kwamba kati ya kutazamwa kutokea ng'ambo ya meza na kukatwa mguu kulikua na vitu vitatu vinne vya kufanya ambavyo havina hata maumivu, na mimi nilirushwa moja kwa moja kutoka cha kwanza hadi cha mwisho.

Mdogo wangu aliposikia akaogopa sana, ana mtoto wa miaka mitano mwenye ngozi kavu, anajikuna vikunjo vya mikono na nyuma ya magoti hadi damu, akaniuliza dada na huyu itakua ni soriasisi yako? Tukaenda naye kwa dokta yule yule. Dokta akamkalisha mapajani kwa mama yake, akampa jeli apake mwenyewe, na mtoto akaipaka hadi kwenye shati. Picha ikatokea kwenye simu, nukta zimejikusanya kona moja kama mchanga uliomwagika, kona nyingine hakuna, na katikati kigaga cha njano kinachong'aa. Nikaweka simu yangu pembeni ya ile tukazitazama mbili mbili. Kwa mara ya kwanza nikaona pumu ya ngozi ikoje, ile niliyoitwa mimi miaka yote hiyo, na haikufanana na mimi hata kidogo. Yake ni pumu ya ngozi kweli, ameanzishiwa mafuta ya kulainisha mara kadhaa kwa siku na krimu kidogo, analala usiku sasa.

Mimi nimeanza dawa mpya, ugoko unalainika. Kidole bado. Alhamisi nina ultrasaundi ya jointi, na wameniambia nije bila pete maana watapima vidole vyote kumi, pete yenyewe haitoki tangu mwezi wa pili kwaiyo kesho naenda ikatwe.